Zimebaki Tatu Tu

Pembeni ya barabara inayoingia sokoni Tandika, wilayani Temeke, spika ndogo ya kuchaji imefungwa kwenye mguu wa meza ya masufuria. Toka asubuhi inaita: mzigo unaishia, bei ni ya leo tu, wahi mama, wahi dada, zimebaki chache. Mwenye meza hasemi neno, yuko kwenye simu. Sauti ile ilirekodiwa zamani, pengine na kijana wa kukodi mwenye koo zuri, ikawekwa kwenye kadi ya memori, na huenda inaita muda huu huu kwenye meza nyingine mbili tatu za soko hilo. Tangazo kwamba masufuria yanaisha leo lilikuwepo kabla masufuria yenyewe hayajapakiwa kwenye kontena. Kila anayepita analijua hilo. Na bado watu husimama.

Watu wa Dar es Salaam hawadanganyiki kirahisi. Mji huu humfundisha mtu mapema, na ada yake hulipwa taslimu. Kwa hiyo ukiona mama aliyezaliwa Mtoni na kukulia Mtoni anasimamishwa na sauti ya kopo inayomwambia kitu anachojua si kweli, usikimbilie kusema ni ujinga. Kuna kazi inafanyika pale, na kazi hiyo ina historia ndefu inayopita kwetu, inapita Marekani, kisha inarudi Temeke kwa njia ya simu.

Twende Marekani kwanza, maana huko ndiko mbinu hii ilikopewa mashine.

Mwaka 1977, katika mji wa Clearwater, Florida, Lowell Paxson, ambaye wengi walimwita Bud, alikuwa anaendesha kituo kidogo cha redio. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitangaza pale alishindwa kulipa deni lake, akatoa mali badala ya fedha: vifungulio vya makopo 112, rangi ya kijani cha parachichi. Paxson alimpelekea mtangazaji wake, Bob Circosta, akamwambia aviuze hewani, dola 9.95 kila kimoja. Vyote vikaenda. Aliyekuwa anadai akagundua kwamba kuuza vitu moja kwa moja kwa msikilizaji kuna faida kuliko kuuza muda wa matangazo. Mwaka 1982 biashara hiyo ilihamia televisheni ya kebo ya eneo la Tampa, na kufikia 1985 ilikuwa inaonekana Marekani nzima kwa jina la Home Shopping Network. Mwaka uliofuata, huko Pennsylvania, Joseph Segel akaanzisha QVC.

Mimi huvutiwa na ile idadi, 112. Siku ile Circosta aliposema vifungulio ni vichache, alikuwa anasoma hesabu ya stoo. Biashara ilipokua na kampuni ikawa na uwezo wa kuagiza kiwandani kiasi chochote inachotaka, uchache haukuweza tena kutoka stoo; ilibidi mtu aupange. Mtu ofisini ndiye aliyeamua sufuria ikae dakika ngapi kwenye skrini kabla ya kuondolewa. Pembeni ya picha ikawekwa saa inayohesabu kurudi nyuma, na chini yake namba za waliokwisha kununua zikipanda. Mtazamaji aliyekaa peke yake sebuleni usiku akawa amewekwa katikati ya umati asiouona, kila mmoja akinyoosha mkono kwenye meza ile ile.

Umati huo ndio siri, kuliko hata saa. Mwandishi wa matangazo ya mauzo ya televisheni, Colleen Szot, aliwahi kubadili sentensi moja tu ambayo kila tangazo la aina hiyo lilikuwa nayo. Badala ya kuwaambia watazamaji kwamba wahudumu wanawasubiri, wapige simu sasa, aliandika kwamba wahudumu wakiwa wanaongea na wateja wengine, tafadhali wapige tena. Kwa akili ya kawaida hiyo ni sentensi mbaya, inamwahidi mteja usumbufu. Mauzo yakapanda sana. Sentensi ya zamani ilimchorea mtu picha ya wasichana wamekaa wanapaka rangi kucha mbele ya simu zisizolia. Ile mpya ilimwonyesha simu zinazochemka. Kijana anayenadi mashati ya mtumba Tandika hakuhitaji kusomea hilo. Anajua kwamba meza yenye watu wanne huvuta wa tano, na meza tupu hubaki tupu mpaka jioni. Ndiyo sababu wakati mwingine wawili kati ya wale wanne ni rafiki zake.

Wasomi walikuwa wamekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 1975 Stephen Worchel na wenzake wawili, Jerry Lee na Akanbi Adewole, waliwapa watu biskuti waonje na kuzitolea maoni. Wengine walipewa kutoka kwenye chupa yenye biskuti 10, wengine kutoka chupa yenye 2. Biskuti zilikuwa zile zile. Za chupa yenye mbili zilionekana za kutamanika zaidi na za bei kubwa zaidi. Zilizotamanika kuliko zote zilikuwa zile zilizokuwa 10 mbele ya macho ya mwonjaji kisha zikapungua kwa sababu, aliambiwa, wengine wanazihitaji. Ila kuna kipengele ambacho wauzaji hawapendi kukisimulia: biskuti za chupa yenye mbili hazikuonekana kuwa na ladha nzuri zaidi. Uchache uliongeza hamu. Mdomoni haukuongeza kitu.

Sasa, kwa nini mauzo ya namna hii hayakushika mizizi kwenye televisheni zetu kama yalivyoshika kwao? Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994. Kebo ya kila nyumba hatukuwa nayo. Kadi za benki zilikuwa za wachache. Na hata kama ungempata mteja Mtoni aliye tayari kulipa, ungempelekea wapi huo mzigo? Anwani yake ilikuwa sanduku la posta la kazini kwa mjomba, na nyumba yake ilielekezwa kwa kusema shuka kwa Aziz Ally, ingia kushoto, ukifika duka la mangi uliza. Namba za nyumba na majina ya mitaa kwa nchi nzima ni kazi iliyokuja kusukumwa mwaka 2022, kuelekea sensa. Mauzo ya televisheni yanahitaji skrini, malipo ya mbali na mtu wa kufikisha mzigo. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa na skrini peke yake.

Lakini mnadi mwenyewe tulikuwa naye, na ukumbi wake uko Temeke.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 28 Juni mpaka 13 Julai, viwanja vya Mwalimu Nyerere kwenye Barabara ya Kilwa hujaa watu wa Sabasaba. Maonesho yenyewe ni ya biashara ya kimataifa, yanasimamiwa na TanTrade, na siku yake kuu ni 7 Julai, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Mabanda ya wizara yana viyoyozi na vipeperushi. Umati hauko huko. Umati uko kwa yule bwana mwenye kipaza sauti kilichobanwa shavuni, anayepitisha karoti kwenye kikata mboga huku anaongea bila kumeza mate. Anakata karoti, anakata kitunguu, anakata kiazi, anafuta meza kwa kitambaa kinachonyonya maji kama mchanga wa jangwani, anakamua, anafuta tena. Kisha inakuja ile kauli: hii ni bei ya Sabasaba. Dukani utaikuta mara mbili. Tukifunga maonesho, tumefunga.

Kauli hiyo ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Maonesho yanafungwa, tarehe inajulikana, na mtu aliyetoka Bunju kwa daladala mbili hatarudi kesho kwa ajili ya kikata mboga. Nusu ya pili ndiyo yenye mushkeli, kwa kuwa kikata mboga hicho hicho kinauzwa Kariakoo kabla ya Sabasaba na baada ya Sabasaba, na mara nyingine kwa bei ya chini zaidi. Ron Popeil, Mmarekani aliyepata utajiri kwa kuuza vikata mboga kwenye televisheni, alianza ujana wake akinadi vyombo vya jikoni kwenye soko la Maxwell Street, Chicago. Kwa hiyo mtu anayedhani Sabasaba inaiga televisheni ameigeuza hadithi. Televisheni ndiyo iliyomchukua mnadi wa sokoni, ikamvalisha suti na kumwondolea umati, kisha ikalazimika kuutengeneza upya umati huo kwa namba.

Tofauti ni kwamba Sabasaba unakishika kikata mboga mkononi. Unaweza kumwambia kaka hebu nipe na mimi nikate. Mara nyingi ndipo unapogundua kwamba wepesi ulikuwa wa mkono wake.

Kuna sababu nyingine ya sisi kusimama tukisikia zimebaki chache, nayo haikutengenezwa na mnadi yeyote. Tanzania iliwahi kuishiwa kweli. Baada ya vita ya Kagera, kuanzia 1979 mpaka katikati ya miaka ya 1980, sabuni, sukari, mafuta ya kula, khanga na hata viberiti vilikuwa vitu vya kusikia vimefika. Mzigo ulitoka kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, ukaenda duka la ushirika au duka la kaya, na habari zake zilitembea kwa kasi kuliko lori. Wazee wa Keko na Magomeni wanakumbuka foleni iliyopangwa kwa mawe na ndala, kila jiwe likiwa na mwenyewe aliyekwenda kutafuta foleni nyingine. Wanakumbuka pia mtu kuunga foleni kwanza, kisha ndipo amuulize aliye mbele yake hapa wanauza nini. Foleni yenyewe ilikuwa tangazo tosha.

Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Maghala na nyumba zilipekuliwa, na mali iliyoambiwa haipo ikaonekana ipo, imefichwa. Nyingine ilitupwa usiku na wenyewe kwa hofu. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa taratibu. Kizazi kile kikabaki na mafunzo mawili yanayogombana: kitu kikionekana nunua leo maana kesho hakipo, na mfanyabiashara akisema hakipo usimwamini. Sijui taifa jingine linalobeba yote mawili kwa ustadi kama sisi.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya wazee, kijana wa Mbagala aliyezaliwa mwaka 2000 hakuiona foleni ya RTC. Hakuiona, lakini aliona sukari Mei 2016, bei elekezi ikiwa shilingi 1,800 kwa kilo huku dukani hakuna wa kuiuza kwa bei hiyo. Akaiona ikipaa tena mwanzoni mwa 2024. Alimwona mama yake akinunua kilo tatu badala ya nusu, kwa hofu, na hofu za akina mama wa mtaa mzima zikamaliza sukari ya mangi ndani ya siku moja. Uvumi wa uhaba una tabia hiyo mbaya ya kujithibitisha wenyewe.

Haki itendeke: kuna sehemu moja ya soko ambako kauli ya zimebaki chache ni kweli tupu, nayo ni mtumba. Robota likifunguliwa alfajiri, iwe Tandika au soko la Karume, Ilala, lile lililoungua Januari 2022, kila kipande ndani yake kiko kimoja. Koti lile halina ndugu yake. Wauzaji wadogo wanaokuja kuchagua gredi ya kwanza hawahitaji kuhimizwa. Wanapigania kweli, kwa viwiko, na anayefika saa mbili anakuta masalia. Bei hushuka kadiri jua linavyopanda, na jioni yanabaki mafungu ya jero jero chini kwenye turubai. Huo ni uchache usio na mwandishi. Na utaona kwamba sokoni uchache wa kweli umezungukwa na dawa zake. Mteja wa siku nyingi husema anko nishikie hili, kesho asubuhi naleta hela, na anko hulitia chini ya meza. Asiyefahamika huacha kishika uchumba, elfu mbili au tatu, apewe mpaka jioni. Wanagombana bei. Wanaligeuza koti nje ndani kutafuta tundu la nondo. Haraka ipo, lakini haijamnyima mtu macho wala mdomo.

Hapo ndipo ninapoona mpaka kati ya biashara na changa la macho. Swali la kama zimebaki tatu au mia tatu ni dogo. La kuangalia ni kama haraka ile inakupokonya nafasi ya kukishika kitu kabla hela haijatoka. Tandika spika inadanganya mchana kutwa na hasara ni ndogo, kwa sababu sufuria ipo mbele yako. Unaigonga, unaisikiliza, unaangalia mpini, unaondoka. Mtu akiweza kukuharakisha huku kitu chenyewe kiko mbali, umekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na sasa vitu viko mbali. Vile viwili tulivyokosa enzi za televisheni vilikuja kwa mlango mwingine. Malipo ya mbali yalikuja na M-Pesa mwaka 2008, kisha mitandao mingine ya simu ikafuata. Kufikisha mzigo kukaletwa na bodaboda, ambaye hana haja ya namba ya nyumba maana anapiga simu mpaka umtokee barabarani. Skrini ikahamia kiganjani. Duka kubwa la mtandaoni, Jumia, lilijaribu kutuletea mfumo kamili wa kigeni, pamoja na mauzo ya saa chache yenye mstari unaofupika kuonyesha bidhaa zilizobaki, likafunga shughuli zake Tanzania tarehe 27 Novemba 2019. Biashara yenyewe haikufungwa. Ilibaki kwa maelfu ya kurasa za Instagram na stetasi za WhatsApp zinazoendeshwa na dada mmoja akiwa kwake Tegeta au Kijichi, mwenye simu moja na taa ya duara ya kupigia picha.

Ukitaka kujua uchache wa kupangwa ulivyofika mbali, mfuatilie dada huyu. Ameposti blenda: pisi mbili tu zimebaki, wahi mpenzi. Ukweli ni kwamba hana hata moja. Picha aliitoa kwenye ukurasa wa mwenye duka Kariakoo, ambako blenda hizo zimepangwa kwa maboksi kutoka sakafuni hadi darini. Ukiagiza, anampigia winga wake. Winga anazunguka Mtaa wa Kongo au Msimbazi, anachukua moja kwa bei ya jumla, anampa bodaboda, na kila mmoja anabaki na chake. Namlaumu kidogo tu. Hana mtaji wa kuweka stoo, na mteja akijua kwamba stoo yake ni Kariakoo nzima, atapanda gari aende mwenyewe. Ile namba mbili inamziba mteja asiulize blenda iko wapi.

Lakini mteja wa Dar naye ameshika silaha yake, nayo ni lipa ukipokea. Bodaboda anasimama nje, boksi linafunguliwa juu ya tanki la pikipiki, waya unachomekwa dukani kwa mangi, blenda inalia au hailii. Ndipo simu inatolewa na hela inatumwa. Utaratibu huu unalirudisha soko la Tandika mlangoni kwako, na mbele yake namba ya zimebaki mbili haina meno. Wauzaji wanalijua hilo, na ndiyo sababu matangazo mengi siku hizi yana msukumo mpya: nje ya Dar unalipia kwanza, ofa ni kwa wanaolipia sasa, tuma ya kutolea kabisa nikuwekee. Kila neno la kuharakisha linasogeza hela mbele na mzigo nyuma. Anayeagiza kutoka Songea hana namna. Wa Kimara anayo, ila kwa kuogopa kukosa, anaiacha.

Kuna jambo tuliloliiga nusu. QVC na wenzake, pamoja na saa zao zinazokimbia, humruhusu mnunuzi kurudisha bidhaa ndani ya siku 30. Mtu wa Pennsylvania aliyenunua kwa presha saa sita usiku anaweza kuamka asubuhi, akacheka, akafunga boksi upya. Haraka yao ina mlango wa nyuma. Kwetu risiti ina mhuri wenye maneno yanayojulikana na kila mtoto: mali ikishauzwa hairudishwi. Tumechukua kengele yao ya kuhimiza, tukaacha kaunta yao ya marejesho. Mchanganyiko huo ni mkali kuliko vile mwanzilishi yeyote alivyouandaa.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji na kutoa kauli za uongo kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kuisimamia. Mtaani FCC inajulikana zaidi kwa kukamata na kuteketeza bidhaa feki, kazi ambayo angalau ina boksi la kushika na nembo ya kulinganisha. Uongo wa zimebaki mbili hauna boksi. Ukikagua, dada wa Tegeta atasema zilikuwa mbili, zikaisha, nikaongeza. Utambishia vipi?

Nimeacha mpaka mwisho bidhaa kubwa kuliko zote zinazouzwa kwa sauti hii, maana pembezoni mwa Kinondoni na Temeke hiyo ndiyo inayokula akiba za watu: kiwanja. Ardhi ni mtihani mgumu kwa hoja yangu, kwa sababu uchache wake ni wa kweli. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, na hakuna kontena linaloleta ardhi. Serikali ilipopima Mradi wa Viwanja 20,000 miaka ya mwanzo ya 2000, maeneo kama Mivumoni, Bunju, Tuangoma na Kibada yalionekana ni porini. Waliodharau wanajuta mpaka leo, na kila familia ina hadithi ya mjomba aliyeambiwa achukue Bunju akasema ni mbali. Muuzaji wa viwanja hana haja ya kutunga hofu. Anaikuta imekwisha kupikwa.

Anachofanya ni kuitoa kwenye jambo kubwa na kuibandika kwenye dogo. Ni kweli ardhi karibu na mji inaisha. Haifuati kwamba mradi huu, nyuma ya Bunju au mbele ya Kisarawe Two, unaisha Jumapili hii. Tangazo kwenye televisheni linaonyesha droni ikipita juu ya mipaka iliyochorwa kwa kompyuta, barabara ya lami ambayo bado ni mstari kwenye mchoro, na namba ya viwanja vilivyobaki. Vikiisha, huja awamu ya pili, jirani na pale pale, kwa mita za mraba zile zile na bei iliyopanda kidogo. Awamu ya tatu ikitangazwa, waliolipa ya kwanza wanakuwa bado wanasubiri hati.

Kiwanja ni tofauti na sufuria kwa jambo moja: ukikishika hujakishika. Unaweza kusimama juu yake, ukapiga picha, ukahesabu hatua kutoka jiwe hadi jiwe, na bado usijue kama kina mwenyewe mwingine. Kukigonga na kukisikiliza, kwa kiwanja, ni kuuliza serikali ya mtaa nani anamjua muuzaji, ni kwenda halmashauri kutazama kama mchoro wa mipango miji umeidhinishwa na upimaji umesajiliwa, ni kuomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Kazi hiyo inachukua siku, si dakika. Siku hizo ndizo ofa inazozimeza.

Wauzaji waungwana wapo, na dalili yao haijifichi: wanakupa namba ya mchoro kabla hujauliza, wanakuambia kapekue kwanza ndipo uje tuandikishane mbele ya mwanasheria. Kampuni ya namna hiyo huuza polepole, na mara nyingi haina droni. Wengine hupakia wateja kwenye kosta Jumamosi asubuhi, Mwenge au Mbagala Rangi Tatu, usafiri bure na soda juu. Njiani mtu mmoja anapigiwa simu na kutangaza kwa sauti kwamba amelipia viwili. Saa saba mchana, jua kichwani, kijana mwenye fulana ya kampuni anapita na daftari akiuliza nani amechagua namba gani, maana kile cha kona kimekwenda. Laki mbili ya kishika uchumba hutumwa kwa simu papo hapo, kwa jina la mtu binafsi. Ofa inaisha Jumapili usiku. Masjala ya ardhi inafunguliwa Jumatatu.